Hadithi za Miyazawa Kenji na Swali la Mwisho wa Somo

Katika vyuo vyetu vya ualimu mwanachuo hufundishwa mapema kwamba somo la hadithi lina hatua zake. Mwalimu huanza na utangulizi, akasimulia hadithi, akauliza maswali ya ufahamu, na mwishoni akatoa swali ambalo kila mtoto wa shule ya msingi analijua barabara: hadithi hii inatufundisha nini? Jibu likishapatikana huandikwa ubaoni, hunakiliwa katika madaftari, na somo huwa limekwisha. Utaratibu huo una faida zake, wala sikusudii kuubeza. Hata hivyo, kwa miaka mingi ya kukaa nyuma ya madarasa na kuyasikiliza masomo ya wanachuo, nimekuwa nikijiuliza kama swali hilo haliifungi hadithi mapema mno, kabla haijafanya kazi yake ndani ya mtoto.

Aliyenisaidia zaidi kulifikiri jambo hili ni mwandishi wa Japani, Miyazawa Kenji, mtunzi wa hadithi za watoto na mashairi, ambaye kwa miaka minne na ushei alisimama mbele ya darasa akiwa na chaki mkononi, kama mtakavyosimama ninyi. Katika makala haya nitaeleza kwa ufupi habari za maisha yake, kisha nitaonyesha yale ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuyapata katika kazi zake.

Maisha yake

Miyazawa (hilo ndilo jina la ukoo, ambalo Wajapani hulitanguliza) alizaliwa tarehe 27 Agosti 1896 katika mji wa Hanamaki, mkoani Iwate, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Honshu. Ulikuwa mwaka wa msiba katika mkoa ule. Mwezi Juni tetemeko la ardhi chini ya bahari lilisukuma mawimbi makubwa yaliyoua zaidi ya watu 20,000 katika pwani ya Sanriku. Huko bara nako wakulima waliandamwa na adui mwingine, yaani baridi. Majira ya kiangazi yakikosa jua la kutosha, mpunga haukomai, na mkulima huvuna makapi. Mavuno yaliharibika namna hiyo mwaka 1905, na tena mwaka 1913, Kenji akiwa angali mwanafunzi.

Nyumbani kwao hawakulala njaa. Baba yake alikuwa na duka la kukopesha fedha kwa rehani na kuuza nguo zilizokwisha kuvaliwa. Mkulima aliyekosa mavuno alikwenda pale akaweka rehani vyombo vyake na mavazi yake. Hivyo dhiki ya jirani ikawa riziki ya nyumba. Jambo hilo lilimchoma Kenji moyoni tangu ujana wake, naye hakutaka kuirithi biashara hiyo. Alisoma katika shule ya juu ya kilimo na misitu mjini Morioka, akahitimu mwaka 1918, kisha akashiriki katika kazi ya kuchunguza udongo wa wilaya yake. Alikuwa Mbuddha mwenye imani kali, aliyeyashika mafundisho ya Sutra ya Lotus. Alipenda nyota, mawe, muziki na lugha ya Kiesperanto. Katika hadithi zake mkoa wa Iwate aliupa jina la Ihatobu, nchi ambamo wanyama, miti na upepo huzungumza na watu.

Mwaka 1924 alitoa vitabu viwili: Haru to Shura, kitabu cha mashairi alichokichapisha kwa fedha zake mwenyewe, na Chumon no Ooi Ryoriten, yaani Mkahawa wenye Maagizo Mengi, kitabu cha hadithi. Walionunua walikuwa wachache. Alipofariki tarehe 21 Septemba 1933 kwa maradhi ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 37, Wajapani walio wengi walikuwa hawajapata kulisikia jina lake. Miswada mingi aliyoiacha ilitunzwa na mdogo wake, Seiroku, na ikachapishwa baadaye. Leo ni shida kumpata mtu aliyesoma shule Japani asiyemjua.

Mwalimu wa shule ya kilimo

Kenji aliingia katika kazi ya ualimu mwezi Desemba 1921, katika shule ndogo ya kilimo ya wilaya ya Hienuki, ambayo baadaye iliitwa Shule ya Kilimo ya Hanamaki. Alifundisha aljebra, kemia, Kiingereza, habari za udongo na za mbolea. Wanafunzi wake walikuwa wana wa wakulima wa jirani. Wale waliomkumbuka uzeeni walisimulia juu ya mwalimu aliyewatoa nje ya darasa kila alipoweza, akawaonyesha mwamba, wingu au mche wa mpunga, akawataka waseme wanachokiona.

Palikuwa na mahali kando ya Mto Kitakami ambapo maji yakipungua mwamba mweupe hujitokeza. Kenji alipaita Pwani ya Uingereza, kwa kuwa weupe ule ulimkumbusha habari za miamba ya chokaa ya nchi hiyo. Hapo yeye na wanafunzi wake waliokota kokwa za jozi za zama za kale zilizogeuka visukuku, wakaona na nyayo za wanyama wa kale zilizokauka katika mwamba. Aliiandika habari ya siku zile. Ndani yake mna fikira moja ambayo kila mwalimu anayewapeleka watoto mtoni ataielewa: msimulizi anasema kwamba hakuwa hodari wa kuogelea kiasi cha kumwokoa mwanafunzi anayezama, na kwa hiyo alikuwa amekwisha kuazimia moyoni kwamba mmoja akizama, naye ataruka majini ili asiende peke yake. Sisemi kwamba huo ni mpango mwema wa usalama. Nasema ni kipimo cha mzigo aliouona mabegani mwake.

Mwezi Agosti 1924 wanafunzi wake walicheza shuleni michezo ya kuigiza aliyowatungia. Mmojawapo unahusu kikosi cha askari walio hoi kwa njaa. Jemadari wao amepambwa kwa nishani zilizotengenezwa kwa vitamu na mabegani amevaa ndizi. Askari wanamvua mapambo hayo moja moja, wanayala. Vijana walioigiza mchezo ule walizaliwa katika nchi inayojua njaa, wakapewa nafasi ya kuicheka, na kumcheka jemadari pia.

Katika miaka hiyohiyo alifiwa na dada yake, Toshi, ambaye naye alikuwa mwalimu. Toshi alikufa mwezi Novemba 1922, na shairi ambalo Kenji alitunga juu ya asubuhi ile ni miongoni mwa mashairi yapendwayo sana Japani. Mgonjwa, akiungua kwa homa, anaomba aletewe theluji. Kaka yake anatoka mbio, mikononi ana mabakuli mawili yaliyomeguka. Shairi limeandikwa kwa Kijapani cha kitabuni, lakini maneno ya dada yameachwa vilevile katika lahaja ya Iwate, aliyoisema tangu utotoni. Kenji hakuyasafisha. Mwalimu atakayefundisha watoto ambao nyumbani kwao husemwa lugha nyingine na alitafakari hilo: pana maneno ambayo yakisahihishwa huacha kuwa ya yule aliyeyasema.

Darasa lililo ndani ya hadithi

Kazi yake mashuhuri kuliko zote ni hadithi ndefu, Ginga Tetsudo no Yoru, ambayo aliiandika na kuirekebisha kwa miaka mingi, ikachapishwa mwaka 1934 baada ya kifo chake. Kwa Kijapani ule ukanda mweupe wa nyota unaoonekana angani usiku huitwa mto wa fedha. Kwa hiyo jina la hadithi ni Usiku katika Reli ya Mto wa Fedha. Inahusu wavulana wawili, Giovanni na Campanella, wanaosafiri kwa gari moshi katikati ya nyota. Mwishoni Giovanni anaamka, na kupata habari kwamba Campanella amezama mtoni akimwokoa mwenzao.

Hadithi hiyo ya nyota na mauti inaanzia darasani. Mwalimu anauliza ukanda ule mweupe ni kitu gani hasa. Giovanni analijua jibu, kwani yeye na Campanella waliwahi kulisoma pamoja katika jarida. Lakini siku hizi anafanya kazi kabla na baada ya masomo, kwa sababu baba yake yuko mbali na mama yake ni mgonjwa. Darasani hana nguvu, na wenzake humdhihaki. Anaitwa, anasimama, anashindwa kusema. Mwalimu anamgeukia Campanella. Naye, ambaye hakuna asiyejua kwamba analijua jibu, anasimama akanyamaza. Giovanni anaelewa kwamba rafiki yake amenyamaza kwa kumhurumia, na machozi yanamlenga.

Ukiisoma kurasa hizo kama mwalimu, utaona jambo la kutisha. Watoto wawili wanalijua jibu, wote wawili wamekaa kimya, na mwalimu, ambaye si mtu mbaya, anaendelea na somo akionyesha kielelezo chake. Mambo makubwa yaliyotokea katika kipindi kile yametokea katika ukimya. Hapana daftari la alama litakalouonyesha uchovu wa Giovanni, wala rehema ya Campanella.

Shauri la mbegu za mwaloni

Hadithi ya kwanza katika kitabu cha mwaka 1924 inafaa sana kwa Darasa la Tatu na la Nne. Mvulana aitwaye Ichiro anapata postikadi yenye mwandiko mbaya kutoka kwa paka-mwitu, akiombwa afike mlimani kusikiliza shauri. Anakuta mbegu za mwaloni zaidi ya mia tatu, zinang'aa kama dhahabu, zimevaa suruali nyekundu, na zinabishana: nani aliye bora kupita wote? Mmoja anasema ni mwenye kichwa kilichochongoka, mwingine, mviringo, mwingine, mkubwa, mwingine, mrefu. Siku tatu zimepita wala paka-mwitu, aliye hakimu, hajui la kufanya. Ichiro anamnong'oneza atamke kwamba aliye bora ni yule aliye mjinga na duni kuliko wote. Hakimu anatamka hivyo, na mbegu zote zinanyamaza kimya. Ichiro anapewa zawadi ya mbegu za dhahabu. Njiani kurudi nyumbani dhahabu inafifia, na alipofika ana mbegu za kawaida za rangi ya udongo. Hakupata postikadi nyingine tena.

Niliwahi kumsikiliza mwanachuo mmoja akiisimulia hadithi hii katika mazoezi ya kufundisha. Ukutani mlikuwa na orodha ya matokeo ya mtihani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Katika andalio la somo alikuwa ameandika funzo: tusijivune. Alisimulia vizuri, akauliza hadithi inafundisha nini, na mikono mingi ikainuka kusema tusijivune. Alikuwa amekwisha kuugeukia ubao pale msichana mmoja alipouliza kwa nini dhahabu iligeuka. Mwanachuo akalirudisha swali kwa darasa. Zikatajwa sababu mbili tatu za uchawi. Kisha mvulana aliyekaa karibu na dirisha akasema: "Hakuwaamua, Mwalimu. Aliwanyamazisha tu."

Mwanachuo yule aliiweka chaki mezani. Dakika zilizobaki watoto waliligombania jambo hilo: kama kumnyamazisha mtu ni sawa na kumwamua, kama mbegu zilizonyamaza ziliridhika au ziliona haya, na kama aliye wa mwisho katika orodha atafurahi akiambiwa kwamba eti yeye ndiye bora. Funzo la andalio halikuandikwa, wala sikuona mtoto aliyelikosa.

Mvulana yule aliona jambo ambalo funzo letu lingelifunika. Hukumu ya Ichiro ni ya busara, na busara hiyo yenyewe inatumika kama kizibo cha chupa. Hadithi inayajua hayo, ndiyo maana dhahabu haidumu. Mwandishi angaliweza kutueleza waziwazi, hakutueleza. Katika dibaji ya kitabu kile anawaambia wasomaji wake kwamba hadithi hizi alizipata msituni, mashambani, kandokando ya reli, kutoka kwa upinde wa mvua na mbalamwezi. Kwamba huenda zikawafaa kwa jambo fulani, na huenda zisiwafae, yeye hawezi kupambanua. Na kwamba mahali ambapo hawataelewa, hata yeye mwenyewe haelewi. Ni maneno mageni kutoka kwa mwalimu. Nadhani ni maneno ya kweli.

Shairi lililogeuzwa kuwa funzo

Huenda mtu akasema kwamba ukimya huo wa mwandishi ni anasa, na kwamba watoto wanahitaji maadili yaliyo wazi. Habari za shairi lake moja zinatoa jibu. Mwezi Novemba 1931, akiwa kitandani mgonjwa, Kenji aliandika katika daftari dogo maneno juu ya aina ya mtu ambaye angependa kuwa: asiyeshindwa na mvua wala upepo, anayeridhika na chakula kidogo, anayekwenda kuwatazama wagonjwa na waliochoka, na ambaye watu humwita bure, hawamsifu wala hawamchukii. Hakulipeleka popote. Lilionekana baada ya kufa kwake.

Shairi lile la faragha likachukuliwa hadharani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili lilitumiwa kuwahimiza raia wavumilie dhiki. Baada ya vita, mwaka 1947, liliingizwa katika kitabu cha shule, na wahariri wakabadilisha kipimo cha wali. Mtu wa Kenji hula vibaba vinne vidogo vya Kijapani kwa siku. Kitabuni viliandikwa vitatu, kwa kuwa katika uhaba wa wakati ule vinne vilionekana ni vingi. Ombi la mtu mmoja usiku wa ugonjwa wake liligeuzwa kuwa agizo kwa watoto wenye njaa, na hata chakula chake kikapunguzwa. Hivyo ndivyo utungo unavyokuwa pale anayeushika anapojua tangu awali ni funzo gani analolitaka. Lakini shairi halikufa. Baada ya tetemeko na mawimbi ya tarehe 11 Machi 2011, yaliyoivunja tena pwani ya Sanriku, lilisomwa kwa sauti mahali pengi kuwaombea na kuwaliwaza waliofikwa, kwa maana iliyo karibu zaidi na ile ya daftari.

Tahadhari hiyo inahitajiwa pia katika hadithi yake ya mwaka 1932 juu ya Budori, kijana aliyewapoteza wazazi wake katika njaa, ambaye mwishoni anabaki peke yake katika kisiwa cha volkano ili mlima ulipuke, hewa ipate joto, na mavuno ya wengine yaokoke na baridi. Mwalimu asimwambie mtoto, "Nawe ujitoe kama Budori." Amwache mtoto aulize kama haikuwako njia nyingine. Swali hilo ni la heshima kwa Budori kuliko wimbo wa kumsifu.

Mwalimu anayefundishwa

Nitaje hadithi moja zaidi, iliyochapishwa mwaka 1934. Goshu anapiga selo, lile zeze kubwa la Kizungu, katika bendi ya mji, naye ni dhaifu kuliko wenzake wote. Kiongozi wa bendi humkaripia mbele yao. Usiku anajifunza peke yake kibandani. Wanamjia wageni, usiku baada ya usiku: paka, ndege kekeo anayetaka kufundishwa noti za muziki, tanuki mdogo, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, anayemwambia kwamba uzi wa pili wa selo yake unachelewa, na mama panya aliye na mtoto mgonjwa. Goshu anadhani anasumbuliwa. Anamtesa paka, anamfukuza kekeo hata akajigonga kwenye kioo cha dirisha. Siku ya tamasha anapiga vizuri, mwenyewe haamini. Usiku ule anafungua dirisha, anatazama upande alikoruka kekeo, anamwomba radhi.

Kekeo alikuja kujifunza, na katika kumfundisha Goshu alianza kusikia kwamba ndege yuko sahihi kuliko yeye. Sijui maelezo bora ya mwaka wa kwanza wa kazi ya ualimu.

Mashauri machache

Mwanachuo atakayependa kuzitumia hadithi hizi katika mazoezi yake namshauri mambo manne. Kwanza, asimulie kwa kinywa, macho yake yakiwa kwa watoto. Kitabu kikae mezani. Pili, asiigeuze Iwate kuwa kijiji chetu. Mwaloni na ubaki mwaloni, na theluji ibaki theluji; achore mbegu yake ubaoni, kisha awaache watoto waone ni nini kinachofanana na vyao. Tatu, miongoni mwa maswali yake liwepo moja ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Nne, asiogope kimya. Akiwa hana hakika kama kimya cha mtoto ni cha ujinga, cha uchovu au cha huruma, amkumbuke Giovanni, na amfuate mtoto huyo baada ya kipindi.

Ikiwa mkaguzi ataka kuona hitimisho katika andalio la somo, liandikwe swali walilobaki nalo watoto, na kesho somo lianzie hapo. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba hatukusimama mbele ya kile anachokitazama.

Kenji aliacha kufundisha mwezi Machi 1926, akalima mwenyewe, na akawapangia wakulima vipimo vya mbolea bila malipo. Jioni ya tarehe 20 Septemba 1933, akiwa mgonjwa mahututi, alifika mkulima mmoja kuuliza habari za mbolea. Jamaa zake waliona ni heri mgeni aondoke. Kenji alivaa nguo ya heshima, akashuka, akaketi, akamsikiliza hadi mgeni alipomaliza maswali yake. Kesho yake adhuhuri alifariki.